Mapovu ya Fundi Zwickl

Munich. Jumatatu, 2 Machi 1846

Habari kubwa! Fundi darubini wa ikulu amefariki. Maskini mzee wa watu, Mungu amrehemu. Nimehuzunika kwa muda unaostahili, kisha nikachukua ngazi na kwenda kupima ukuta juu ya mlango wetu. Ubao unaenea kabisa.

Ubao wenyewe ni wa buluu, una simba wawili wa dhahabu na taji katikati, na chini yake jina la fundi. Mwenye ubao huo huitwa Bwana Fundi wa Ikulu hata na kinyozi. Mimi kinyozi ananiita "wewe".

Barone von Pirkheim, msimamizi wa vyombo vya ikulu, ametangaza kuwa atazijaribu darubini za mafundi siku ya Mtakatifu Yosefu. Atakayeshinda, ubao wake. Mafundi wa maana mjini ni wawili: mimi na Alois Hintermayr wa ng'ambo ya barabara. Huyo Hintermayr nimemhesabu kwa adabu tu.

Wasiwasi sina. Lenzi ninayo. Dada yangu Walburga ameisugua majira mawili ya baridi, kwa lami na unga mwekundu wa kung'arishia kioo, na mwisho kwa kidole gumba. Mimi nilisimamia. Imetoka safi hata paka wetu huikanyaga mezani bila kuiona.

Walburga ni mkubwa kwangu, hakuolewa, na mdomo wake haujawahi kufunga Kwaresima. Aliniambia nishuke kwenye ngazi nikamalize bomba la darubini. Bomba! Mtu anazungumza simba, mwenzake anazungumza bomba.

Jumatano, 4 Machi

Balaa. Nilikuwa baa, nimekaa na bia nzito ya Kwaresima, ile ambayo Kanisa limekubali kwamba ni kinywaji na si chakula. Akaingia hakimu mstaafu Loibl na darubini mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Akamfuata Hintermayr mezani, akamwambia mbele za watu kwamba lenzi aliyomuuzia ina mapovu ndani. Mapovu matatu!

Nikasogeza kiti karibu. Sikutaka kupitwa na neno.

Lakini Hintermayr hata hakuweka chini kikombe. Akasema, "Mzee wangu, kioo kizuri hakikosi povu. Kikiyeyuka kinakuwa kizito kuliko uji, sasa hilo povu litokee wapi? Ukitaka kioo kisicho na povu hata moja, si ukang'oe dirisha lako?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Hakimu naye akacheka, akakaa, akaagiza bia. Kisha kinyozi akanigeukia akauliza changu kina mapovu mangapi. Nikajibu kwa fahari, tena kwa sauti: hakina hata moja!

Sasa naitwa Fundi Dirisha.

Alhamisi, 5 Machi

Nimemweleza Walburga msiba. Hakuhuzunika hata kidogo. Alisema povu ndani ya kioo si baya wala si zuri, ni sunzua kwenye shavu la mwimbaji, halimzuii kuimba. Kinachoua kioo ni mawimbi, ile mistari inayojipinda ndani kama sukari inapoyeyuka kwenye maji. Akaongeza kwamba Hintermayr kasema kweli, ni ninyi walevi mliomwelewa kombo.

Nikamuuliza, mawimbi nani anayaona? Barone? Povu ndilo linaloonekana. Mtu hupewa ubao kwa kinachoonekana!

Aliacha kufuta meza. Akanitazama. Akasema, "Korbinian, lenzi yangu usiiguse."

Yangu! Duka la nani hili?

Nimepata mpango. Nitaeneza habari kwamba mapovu ni ndui ya kioo. Huanza kwenye lenzi, huhamia kwenye jicho. Leo nimemnong'oneza muuza jibini, na nimemsihi asimwambie mtu yeyote. Inatosha.

Jumamosi, 7 Machi

Habari imefika kila mahali. Hilo lazima nijipongeze. Tatizo ni hali iliyofika nayo.

Nilikwenda kunyolewa. Kinyozi akapandisha mkono wa shati, akanionyesha kovu lake la chanjo, lile ambalo serikali yetu imemchoma kila mtoto wa Bavaria, atake asitake. Akanieleza, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba mapovu ni makovu ya ndui. Kioo chenye makovu kimeshaugua, hakiugui tena. Kioo cha kuogopwa ni kile ambacho hakijachanjwa. "Na kama chako, Dirisha, kisafi hivyo, mimi nisingekisogeza karibu na watoto."

Muuza jibini ameomba darubini yake irudishwe. Mke wa mwoka mikate amevuka barabara aliponiona.

Na Hintermayr? Ameuza mbili. Mnunuzi mmoja aliomba yenye mapovu zaidi.

Jumatatu, 9 Machi

Barone mwenyewe alipita dukani! Ni mrefu, mwembamba, ana miwani ya jicho moja ambayo humwanguka kila anaposhangaa. Nilimpa kiti kizuri. Nilimletea lenzi juu ya kitambaa cheusi. Akainama, akaitafuta, akaipata.

Kisha akauliza, mapovu yako wapi?

Walburga alifungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema: yako njiani, Mheshimiwa.

Miwani ikamwanguka. Akaondoka akisema tutaonana siku ya Mtakatifu Yosefu. Nadhani jibu langu lilimpendeza. Walburga alisema ni jibu la kipumbavu kuliko yote aliyosikia ndani ya nyumba hii, na baba yetu alikuwa na mengi.

Jumatano, 11 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Walburga alikwenda kanisani kusikiliza mahubiri ya Kwaresima. Hajatoka vizuri, akaingia Vigil, yule Mtiroli mchuuzi anayeshuka milimani na sanduku la miwani mgongoni. Nikamuuliza kama ana lenzi kubwa yenye mapovu. Akasema anayo moja, ameizungusha tangu mwaka jana, kila fundi anaitazama na kumrudishia. Wajinga.

Akaitoa. Oh! Mapovu! Mengine madogo, mengine makubwa kama ushanga, yamepanda kutoka chini hadi juu kama ndani ya bia iliyomiminwa sasa hivi. Kikombe cha Hintermayr kitakauka kwa wivu. Na kipimo chake ni kile kile cha bomba letu. Kama hii si kazi ya mbinguni, ni nini?

Nikampa ya Walburga, akanipa yake. Moja kwa moja, bila maneno mengi. Yaani nimempa kioo kisicho na kitu ndani, naye kanipa kilichojaa. Aliuliza kama nina hakika. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nikamwambia asinipotezee muda. Akaifunga ile lenzi kwenye soksi safi, akatoka mbio hata kofia akaisahau. Watu wa milimani hawajui kuaga.

Ijumaa, 13 Machi

Walburga amegundua.

Nilitaraji kelele. Nilishajiandaa, nilikuwa na majibu matatu mazuri. Hakupiga kelele. Aliichukua lenzi mpya, akaiinua dirishani, akaigeuza polepole. Akasema ina mawimbi toka ukingo hadi ukingo. Akauliza yake iko wapi. Nikamwambia iko salama, iko kwenye soksi, inaelekea Tiroli au kokote.

Akakaa. Akaanza kulia. Sijamwona dada yangu akilia tangu tulipomzika mama. Alisema majira mawili ya baridi, Korbi, majira mawili, vidole vimenipasuka, na hujaniuliza hata neno moja. Hajaniita Korbi tangu tukiwa watoto.

Niliumia. Kweli niliumia, na samaki wa Ijumaa alinishinda nusu. Nikambembeleza. Nikamwambia ubao ukija ataruhusiwa kuufuta vumbi yeye peke yake, mtu mwingine asiuguse. Alinyanyuka akaenda kulala mchana kweupe. Nikamalizia samaki wake.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeifunga lenzi mpya kwenye bomba na kuelekeza darubini kwenye kanisa la ng'ambo ya mto Isar. Inapendeza mno kuitazama. Kutazamia, hapo kuna kazi kidogo. Msalaba wa mnara niliona mitatu, yote imelewa. Saa ya mnara ilikuwa na uso wa shangazi yetu wa Dachau.

Si neno. Fundi hategemei kioo peke yake. Barone atawaweka mafundi kwenye bustani ya ikulu, na kule mnarani patatundikwa karatasi yenye maandishi. Anayeisoma vizuri ndiye mshindi. Kwa hiyo kinachohitajika si kuiona karatasi. Kinachohitajika ni kuijua!

Nikavuka daraja, nikapanda kwa mlinzi wa mnara na mitungi ya bia nzito. Ni mtu mkunjufu. Baada ya mtungi wa kwanza akanieleza kwamba karatasi ni ile ile siku zote: tangazo la parokia kuhusu siagi wakati wa Kwaresima. Baada ya wa pili akanipa nakala, akanikumbatia, akaniita Bwana Fundi wa Ikulu. Nililengwalengwa na machozi.

Jumatano, 18 Machi

Nimelikariri tangazo lote. Nalisema mbele, nalisema nyuma. Nimelisema mezani tukila supu, Walburga akaniuliza tangu lini nimekuwa paroko. Hajui kitu. Tangu Ijumaa hasemi nami ila mambo ya supu.

Nimefanya mazoezi ya uso pia. Kukunja jicho kidogo. Kutua kwenye neno gumu, ili ionekane nasoma.

Alhamisi, 19 Machi. Mtakatifu Yosefu

Nitaandika kwa ufupi.

Bustani ilijaa. Kila Yosefu wa Munich alikuja na jamaa zake na mikate yake ya kukaanga. Barone alikaa mezani, darubini mbili mbele yake. Watu walipoona mapovu yangu wakashangilia. Kinyozi akapaza sauti, "Dirisha kapata chanjo!" Niliinama kuwashukuru. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote maishani mwangu. Simba niliwasikia wakinguruma.

Barone akaniamuru nianze. Nikaweka jicho. Kule mbali niliona kitu cheupe kinachotikisika kama shuka kwenye kamba. Kikatosha. Nikakunja jicho, nikavuta pumzi, nikasoma kwa sauti ya kanisani:

"Waamini wote wanakumbushwa kwamba siagi na mafuta ya nguruwe yanaruhusiwa kwa wagonjwa, wazee, na wanawake wenye mimba..."

Watu wakatazamana. Nikadhani ni heshima. Nikaendelea. Nilifika kwenye mayai. Nilitua pale penye neno gumu, vizuri sana, kama nilivyofanya mazoezi. Nilimaliza na sahihi ya paroko na tarehe.

Barone akaweka jicho kwenye darubini yangu. Akaliondoa. Akalifuta. Akahamia kwenye ya Hintermayr, na miwani yake ikamdondokea kwenye nyasi. Akaanza kusoma polepole: Hexe, Donner, Schnapsl, Bella...

Yalikuwa majina ya mbwa wake wa kuwindia. Alitundika karatasi yake mwenyewe, bila kumwambia mtu! Katika nchi yenye sheria!

Akasema katika ya Hintermayr anaona mpaka nzi anayetembea juu ya jina la Bella. Akaniuliza kwa upole mkubwa, mbwa wake yupi ni mjamzito na anaruhusiwa siagi. Bustani nzima ikalala chini kwa kicheko.

Lakini hilo si kubwa. Nilipotazama lenzi ya Hintermayr nilitafuta mapovu yake matatu. Hapakuwa na povu hata moja! Safi, tupu, kioo cha dirisha! Msaliti. Amewaambukiza watu mapovu, kisha yeye akayatoa ya kwake.

Ijumaa, 20 Machi

Kumbe mambo ni mabaya zaidi. Ile lenzi ni yetu.

Walburga aliitambua jana pale pale. Watu waliruhusiwa kutazama mmoja mmoja, naye alipofika hakutazama mnara, aliizunguka meza akatazama lenzi kwa mbele. Akaweka kidole gumba kwenye ukingo. Kisha akamvuta Hintermayr kando, na nikamwona jamaa anageuka rangi. Aliinunua kwa Vigil, aliyeapa kwa watakatifu wote kwamba imetoka Vienna.

Nilimwambia Walburga tumshitaki. Akaniuliza tumshitaki kwa kosa gani, la kununua ulichokitupa? Nikamwambia yeye daima yuko upande wa wengine.

Jioni nilitafakari, na nimefarijika. Lenzi ya duka langu imeshinda. Yaani nimeshinda. Nilikosea bomba tu.

Jumapili, 22 Machi

Amekuja Hintermayr, kofia mkononi, nguo za misa. Sikumpa kiti kizuri.

Alisema amekwenda kwa Barone na kumweleza ukweli wote: kwamba lenzi si kazi yake, ni kazi ya Zwickl. Barone aliuliza, Zwickl yule wa siagi? Yeye akajibu hapana. Hapo sikumwelewa, lakini nilimwacha aendelee. Ikulu inataka darubini ya pili, sawasawa na hiyo. Yeye hawezi kusugua kioo kufikia hapo, hajawahi na hatajidanganya. Anachoomba ni ushirika. Ubao utakuwa na majina mawili, Hintermayr na Zwickl, chini ya simba wale wale.

Majina mawili! Chini ya simba! Kidogo nianguke. Nilishafungua mdomo kusema ndiyo.

Lakini mimi si mtoto. Nikajiuliza: mtu na akili zake anagawa ubao wake kwa wema gani? Hagawi mtu kitu kinachopanda bei. Kwa hiyo vioo safi vinashuka! Ana habari fulani kutoka Vienna, anataka tuzame wote. Kinachokuja sasa lazima ni mawimbi. Na mawimbi ninayo mimi, toka ukingo hadi ukingo!

Nikasimama. Nikamwambia asante, jirani, ubao wako baki nao, mimi nina mambo makubwa mbele.

Hintermayr alikohoa. Akasema, "Samahani, Zwickl, wala sikuwa naongea na wewe." Akawa anamtazama Walburga, aliyekuwa kwenye beseni la lami.

Mzaha wa ajabu. Hata hivyo nilicheka, kwa adabu. Walburga hakucheka. Alimuuliza Hintermayr kama karakana yake ina dirisha la kaskazini, lenye mwanga mtulivu wa kazi. Akamuuliza tena: na nikisema lenzi bado haijaiva, utangoja? Hintermayr akasema atangoja hadi Pasaka ya mwaka ujao ikibidi.

Jumanne, 24 Machi

Walburga amehama. Amebeba beseni la lami, matambara, unga mwekundu na paka. Nilisimama mlangoni nikamwambia anavunja nyumba ya baba. Akasema nyumba iko pale pale, na supu ya leo iko jikoni. Kisha akaniweka mkono shavuni, mkono wenyewe mgumu na wenye lami, akasema, "Kula vizuri, Korbi." Akavuka barabara.

Supu haikuwa na chumvi, au mimi ndiye sikuisikia.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeandika tangazo na kulibandika dukani: Lenzi za Mawimbi, Mtindo Mpya, Hazipatikani Kwingine. Bado hakuna aliyeingia. Watu huchelewa kuelewa.

Jumatatu, 30 Machi

Ubao umetundikwa leo! Ng'ambo ya barabara, ndiyo, lakini kutoka dirishani kwangu unaonekana vizuri kuliko kutoka kwao. Buluu, simba wawili, taji. Na herufi za dhahabu: HINTERMAYR NA ZWICKL.

Nilitoka kwenda kununua mkate. Mgeni mmoja mwenye kofia ndefu alinisimamisha, akauliza kama mimi ndiye Zwickl. Nikasema ndiyo, na si uongo. Akavua kofia! Akaniita Bwana Fundi wa Ikulu! Akasema amesikia habari za kazi ya mkono wangu mpaka Augsburg. Nikamwonyesha mkono wangu. Akaushika kwa mikono yake miwili.

Sasa nimeona yote. Mpango wangu umefaulu, tena kuliko nilivyoupanga! Nimepata simba bila kusugua, bila kukesha, bila hata kuhama. Wengine wanafanya kazi huko ndani, mimi nabaki na jina. Hintermayr angejua, asingelala.

Kasoro ni moja. Zwickl iko nyuma. Kesho asubuhi nakwenda kwa Barone kuomba jina langu litangulie. Walburga hatajali. Yeye mambo ya majina hajawahi kuwa nayo haja.